Nafasi ya Kabula

Iko siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu. Kiangazi kilikuwa kimekaza, pamba imekwisha kuchumwa, na mimi nimesimama kando ya njia ya kwenda Zagayu, namwangalia rafiki yangu Kabula juu ya lori. Alikuwa amekaa kwenye magunia ya mahindi, kikapu mapajani. Alinipungia mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa na kazi ya kushika kichwa cha ng'ombe wa bati kisichomoze nje ya kikapu.

Nitakueleza huyo ng'ombe wa bati alitoka wapi. Kwanza sogea, kaa vizuri, na acha kuninunia.

Juzi ulirudi kutoka darasa la roboti hapo shuleni Somanda, ukatupa begi kitandani, ukasema Jumamosi huendi tena. Neema, mwenzako uliyekuwa ukiunga naye kile kigari cha mota na nyaya, baba yake kahamishiwa kikazi Mwanza, na wewe humtaki mwingine. Mama yako akakwambia utazoea. Mimi shangazi yako sikumuunga mkono. Watu wazima tuna haraka ya kuwaambia watoto watazoea, kumbe wenyewe kuna mambo hatujayazoea tangu tukiwa darasa la tano.

Sisi hatukuwa na roboti. Hata neno lenyewe lilikuwa halijafika kijijini. Tulikuwa na Mwalimu Maduhu wa stadi za kazi, mtu mfupi, mwenye kiraka kwenye suruali na maneno machache. Soko la pamba lilikuwa limefunguliwa miaka ile. Zamani pamba yote ilikwenda kwa chama cha ushirika. Mara wakaingia wanunuzi binafsi na malori yao na mizani yao, ghala la ushirika likabaki tupu, wanalala popo. Mwalimu akaenda kuomba ufunguo. Wazee walimcheka, lakini wakampa. Basi siku za stadi za kazi tulikaa humo wawili wawili kwenye magunia chakavu, na mbele yetu takataka zote za kijiji: makopo ya mafuta ya kula, spoki za baiskeli, tyubu zilizochoka, vizibo vya soda. Ukimwambia Mwalimu umepata wazo, alikujibu, "Usiniambie. Nionyeshe."

Agizo lake lilikuwa kwamba kila wawili watengeneze kitu kinachokwenda chenyewe na kuvuta mzigo. Wengine wakaanza mikokoteni. Mimi na Kabula, watoto wa wafugaji, tukasema tutatengeneza jozi ya maksai wenye nira, wavute plau. Kila mmoja atengeneze wake. Tumbo lilikuwa kopo, miguu waya mnene. Spoki tuliyoipinda ilipita katikati ya kopo, miguu ikaning'inia humo, na ukanda wa tyubu ukasokotwa kwenye spoki mpaka ukakaza. Ukiachia, ukanda unajifungua, spoki inazunguka, miguu inanyanyuka mmoja baada ya mwingine. Maksai wa Kabula alikuwa wa kulia, wangu wa kushoto. Tuliharibu makopo mengi. Siku moja walitembea pamoja hatua chache, kisha wakaanguka kifudifudi, na Kabula akacheka mpaka ikabidi atoke nje. Sijafurahi vile tena, na nimeolewa na nimezaa.

Halafu baba yake akaamua kuhama. Mashamba ya pamba yalikuwa yamemeza machungio, na watu wengi wenye mifugo walikuwa wakisama, ndivyo tunavyosema kwetu, yaani wanang'oka na mji mzima kufuata majani. Wao walikuwa wanakwenda Usangu, mbali huko Mbeya. Wanaume walitangulia na ng'ombe, wanawake na watoto wakapanda lori. Kabla hajapanda, Kabula aliniambia, "Likizo nakuja naye, tutawafunga nira." Nikamwamini, kwa sababu Kabula hakuwa mwongo.

Nyumbani tulikuwa wengi, tunagombania mkeka, lakini nilikuwa mpweke, mwanangu. Nikiona jambo la kuchekesha nageuka kumwambia Kabula, nakuta hayupo. Jioni nilikwenda kwenye mahame yao. Uzio wa minyaa ulikuwa palepale, mafiga yapo, samadi ya zizini haijakauka, ila watu hakuna. Nilimweka maksai wangu chini, nikamfunga nusu ya nira na plau, nikamwachia. Hakwenda mbele. Mzigo ulimvuta upande mmoja, akawa anazunguka mahali pamoja mpaka ukanda ukaisha nguvu. Nikaukaza tena, akazunguka tena. Nililia kwa sauti, maana hapakuwa na mtu wa kunisikia.

Na ghalani niliweka mfuko wangu wa madaftari kwenye gunia, upande wa Kabula, mtu asikae.

Ndipo akaja Limi. Alikuwa msichana wa rika letu aliyetoka Lalago kuja kukaa kwa shangazi yake pale kijijini, mwenye miguu mirefu na mdomo usiopumzika. Siku ya kwanza alisimama mlangoni mwa ghala, kopo mkononi, anangoja kuambiwa akae wapi. Mwalimu akaonyesha gunia langu.

"Pana mtu," nikasema.

"Yuko wapi?"

"Anakuja."

Darasa zima lilicheka. Mwalimu akasema asiyekuwepo na lake halipo. Ni methali ya kweli, lakini siku ile niliichukia, na Mwalimu mwenyewe nilimchukia. Sikuutoa mfuko. Limi akaenda kukaa ukutani, peke yake, akawa ananyoosha misumari iliyopinda. Hata mdomo wake ulipumzika.

Siku ya wazazi ilikuwa inakaribia. Mwalimu alitangaza kwamba ambaye kazi yake haitembei, aivunje, spoki na waya wapewe wengine, kwa sababu vifaa ni haba. Alipotangaza alikuwa ananitazama mimi. Nilijua kinachokuja: maksai wangu atakatwakatwa awe ekseli ya mkokoteni wa mtu. Lakini niliona afadhali hivyo kuliko kumpa mtu nafasi ya Kabula. Roho ya mtoto ikishikilia kitu, mwanangu, hata winchi haiwezi kuichomoa.

Jioni ile babu yangu alinikuta kwenye mahame. Alikuwa anamtafuta ndama aliyepotea. Mzee yule ndiye aliyekuwa akifundisha maksai wa kijiji kizima, na alikuwa mkali, kila mtu alimwogopa kidogo. Alisimama akamtazama ng'ombe wangu anavyozunguka, mpaka ukanda ukaisha nguvu.

"Bebe," akasema, yaani wewe kwa Kisukuma, "unafanya nini kwenye mahame ya watu?"

"Namsubiri Kabula, babu. Maksai huyu hawezi kwenda bila mwenzake."

"Mfunge na mwingine."

Nikamjibu kwa maneno yake mwenyewe, nikidhani nimemweza. "Si wewe husema maksai aliyezoea mwenzake hamkubali mwingine?"

"Nasema atampiga mateke. Sijasema hatamkubali. Ingekuwa hivyo, sisi tungekuwa bado tunalima kwa mkono." Akajiegemeza kwenye fimbo yake. "Yule mtoto wa Lalago ninayemwona anapita peke yake na ndoo, anaitwa nani?"

"Limi."

"Lalago amemwacha nani?"

Sikujua. Sikuwahi kumuuliza.

"Na huko Kabula alikokwenda," babu akaendelea, "unadhani shule nzima ilikuwa imekaa inamngoja yeye? Naye amesimama mlangoni mwa shule ya watu, ameshika huyo ng'ombe wake. Sasa tuseme kuna binti kule ameweka mfuko wake kwenye gunia, anamwambia Kabula hapa pana mtu. Wewe binti huyo ungemfanya nini?"

"Ningempiga," nikasema.

Babu hakucheka. "Haya," akasema, na akaondoka zake kumtafuta ndama.

Nilibaki pale, aibu imenijaa hadi masikioni. Wakati wote ule nilikuwa namfikiria Kabula ananikumbuka, ananililia, anahesabu likizo. Hata siku moja sikuwa nimemfikiria akiwa mgeni. Kabula alikuwa mwoga wa watu wapya. Akiulizwa jina alitazama vidole vya miguu. Nilimwona kichwani mwangu amesimama, hajui akae wapi, na hakuna anayemfahamu hata wa kumcheka.

Siku ya stadi za kazi iliyofuata niliutoa mfuko, nikamwita Limi. Hakuja. Alidhani namtania. Ikabidi nimfuate ukutani nimshike mkono, na alipofika kwenye gunia hakukaa, akauliza, "Mwenyewe akija?"

"Akija tutasogea," nikamwambia.

Usidhani tulipendana siku hiyo. Limi alizungumza bila kituo. Maksai aliyemtengeneza kwa kopo lake alikuwa na miguu mifupi kuliko ya wangu, kwa hiyo tulipowafunga nira walizunguka tena, ila sasa kwa upande mwingine. Nilimwambia Kabula asingekosea vile. Akaniambia Kabula basi aje akate waya. Tuligombana, tukakata, tukapima kwa kijiti, tukakata tena. Katikati ya kazi hiyo nikamuuliza alimwacha nani Lalago. Yule mwenye maneno akawa anasugua waya na jiwe tu. Baadaye akasema ana mdogo wake wa kiume. Mama yao alipofariki ndugu waligawana watoto, yeye kwa shangazi, mdogo wake kwa baba mdogo. "Anaogopa mbwa," akasema, "na kule kuna mbwa." Nikamshikia waya.

Siku ya wazazi maksai wetu walitoka kwenye gunia letu wakaenda moja kwa moja hadi karibu na mlango wa ghala, plau inachora mstari kwenye vumbi. Wazee waliwapigia mluzi na kuwaswaga kama ng'ombe wa kweli. Limi aliruka akaniangukia shingoni. Nilifurahi, sikatai. Lakini macho yangu yalikuwa mlangoni, maana nilikuwa nimejiaminisha kwamba Kabula angekuja siku ile. Walikuwepo watu wengi mlangoni pale, na yeye hakuwepo.

Hakuja likizo ile wala nyingine yoyote. Husemwa milima haikutani, binadamu hukutana. Mimi na Kabula tumekuwa milima. Nilisikia mara moja tu, kwa mtu aliyetoka Usangu kununua ng'ombe, kwamba familia ile ilisogea mbele tena, na hakujua wapi. Limi naye aliolewa Maswa, na tunapigiana simu, na hadi leo haachi kusema. Nampenda sana. Lakini nafasi ya Kabula hakuijaza, na wala hakuombwa kuijaza. Alikaa upande wake. Ninapokuwa peke yangu hapa kibarazani, mnakwenda kazini na shuleni nyumba inabaki kimya, namfikiria Kabula, na kinachoniuma si kwamba sikumwona tena. Kinachoniuma ni kwamba sijui kama alipata mtu wa kumwondolea mfuko.

Sasa nasaha yangu ni hii, mwanangu, na uishike. Mlilie Neema, sikukatazi, rafiki mwema humlilia rafiki. Lakini usimlilie kwa kumfungia mwingine mlango. Mkono mmoja haulei mwana, na hicho kigari chenu kinataka mmoja ashike nyaya mwingine akaze skrubu, hakiangalii nani alikuwepo mwanzo. Jumamosi nenda mapema. Kabla hujafungua sanduku la vifaa, tazama nani amesimama hana wa kukaa naye, mfuate wewe, usingoje akufuate. Mwulize jina, kisha mwulize amemwacha nani huko alikotoka. Atakosea, utakosea, mtagombana. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi ni mwenyeji niliyepona, japo kovu lipo.

Basi inama nikushike kichwa. Mungu aibariki mikono yako, isikate tamaa kitu kinapogoma kutembea. Akupe wenzako wa kushika upande wa pili, na usiwahi kukosa mahali pa kukaa katika nchi za watu. Na Jumamosi hiyohiyo, Neema atakaposimama mlangoni mwa darasa geni huko Mwanza, amkute mtoto mmoja, hata mmoja tu, atakayesogea.