Mwalimu aliweka ubongo wa Mutwa katikati ya sokwe na muntu, binti yangu akapewa tisa juu ya kumi

Wakuu, nawaomba dakika chache. Haya yametokea nyumbani mwangu, sikusimuliwa na mtu. Na hasira bado ninayo, kwa hiyo mkikuta neno kali humu, mnivumilie.

Niko Kalemie, ni muuguzi kwenye kituo cha afya. Kwetu ni upande wa Nyunzu.

Mimi ni Mutwa, wale wa msituni mnaowaita mbilikimo. Nasema wazi kwa sababu shida yote inaanzia hapo.

Nina binti, Feza, ana miaka kumi na tano. Anasoma sekondari ng'ambo ya daraja la Lukuga. Shule siitaji.

Jumatatu moja Feza alisahau kaye yake, daftari la biolojia, mezani. Sikuwa na zamu siku hiyo, nikaifungua. Somo lilikuwa ubongo wa binadamu na wa nyani wakubwa. Nikafurahi kabisa, maana katika masomo yote ya uuguzi, la ubongo ndilo nililolipenda zaidi.

Nikafunua ukurasa. Michoro mitatu, imepangwa kama ngazi.

Chini, sokwe, yule huku tunamwita sokomutu. Juu, "muntu", yaani Mbantu, mtu kamili. Katikati, kwa mwandiko wa mwanangu mwenyewe: "Mutwa".

Pembeni, kalamu nyekundu: 9/10, très bien.

Wakuu, sikumbuki kama nilifunga mlango. Nilivuka daraja kwa mguu, kaye mkononi, nikaingia moja kwa moja kwenye biro ya prefe, mkuu wa shule. Akamwita prof wa biolojia. Kijana mpole, shati limepigwa pasi.

"Papa, shida iko wapi? Mutoto alifanya muzuri."

"Hii ya katikati njo nini?"

"Njo évolution, Papa. Vitu viliendelea pole pole. Iko mu kitabu ya zamani, mimi nilirahisisha tu."

Nikamwambia, mimi ni Mutwa.

Akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani. Halafu akacheka kidogo, kama mtu anayenipa zawadi. "Aa, lakini weye Papa ulisoma. Hauko sawa na bale ba mu pori."

Matusi nimeyazoea tangu utoto. Lakini sifa ile! Mama yangu mzazi yuko huko porini anakosema. Nilishika kiti ili mikono isifanye kitu kingine.

Prefe akaona mambo yanaharibika. "Papa, tupasule ile ukurasa, tumalize."

Nikakataa. Darasa zima walikuwa wamenakili ngazi ile. Nikasema isahihishwe mbele yao, la sivyo naenda kwa inspekta. Prefe akakubali shingo upande.

Tukaingia darasani. Mnajua prof alisema nini?

"Huyu Papa ya Feza amekasirika. Basi mufute ile ya katikati."

Basi! Hakuongeza neno.

Nikaomba chaki. Nikawachorea mti, si ngazi. Nikawaambia hatukutoka kwa sokwe wa leo. Sisi na yeye tulitoka kwa babu mmoja wa zamani sana, kila mmoja akashika njia yake, na yeye pia ameendelea kubadilika. Ubongo wake una sehemu zile zile kama wetu, ila ukubwa ni kama theluthi tu ya wetu. Na binadamu wote, Mutwa kama mimi, Muluba, Mutabwa, Mzungu, tuko tawi moja. Hakuna wa katikati.

Mwanafunzi mmoja akainua mkono. "Papa, sasa hata siye tuko mbali na sokomutu sawa na Batwa?"

"Sawasawa. Hata unywele hauzidi."

Nyuso zikabadilika, kama nimewanyang'anya kitu. Hapo nikaelewa: ngazi ile waliipenda kwa sababu iliwapa mtu wa kumkanyaga.

Feza alikuwa amelaza kichwa kwenye dawati. Nikadhani analia kwa furaha. Mjinga mimi.

Jioni hakunisalimia. Nilipomsogelea akalipuka.

"Papa, hakuna mwenye alijua! Niliwaambia siye ni batu ba Nyunzu, basi. Sasa wote wanajua!"

"Kwa hiyo ulichora tu vile?"

"Ulitaka niseme nini? Nisimame peke yangu?"

Mke wangu akaweka sufuria chini. "Mimi njo nilimwambia anyamaze. Amalize kwanza masomo."

Nyumba nzima ilijua siri hiyo isipokuwa mimi. Nilimfokea mke wangu, tena vibaya, nimeshamwomba msamaha.

Maana hofu yao ilikuwa ya kweli. Kesho yake wasichana wawili wa benchi lake walihama. Bombani wakamwita sokomutu. Akakaa nyumbani wiki nzima. Prof? Anaendelea kufundisha, na asubuhi ananisalimia vizuri sana.

Nikamwambia Feza nitamtafutia shule nyingine.

Akaniuliza, "Nitaenda wapi kwenye sitakuwa Mutwa?"

Jumatatu iliyofuata akavaa sare, akaenda mwenyewe. Anakaa peke yake kwenye benchi. Anasoma.

Nilichojifunza, wakuu: kabla ya kwenda kumtetea mtoto, kaa naye kwanza. Nilibeba hasira yangu nikaimwaga kwenye maisha yake bila kumuuliza. Kwenda ningekwenda tena, hata kesho, ila ningekwenda akiwa anajua.

Sasa semeni. Walimu wa biolojia mliomo humu, ngazi hiyo nanyi mnaichora? Wazazi, kaye za watoto wenu mmezifungua lini? Na yule atakayekuja kuniambia "ni mchoro tu", aje. Niko hapa namsubiri.