Mkate Uliofunuliwa Mapema

Mkate wa mchele una harufu yake pale ukingo unapoanza kuungua. Kwanza linakuja tui, zito na tamu. Halafu hamira, kwa mbali. Mwisho unakuja moshi mwembamba wa sukari iliyogusa chuma cha moto. Harufu hiyo hutoka tu kwa mkate uliopikwa kwa makaa, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Mkate wa oveni ninaopika siku hizi una ladha, namshukuru Mungu, lakini harufu ile hauna. Nilikuwa nimeikosa kwa miaka mingi hata nikasahau kwamba naikosa.

Kwa hiyo mtanisamehe nikiwaambia kwamba jioni moja ya mwaka 2017, katika uwanja wa ukumbi mmoja pale La Rochelle, kusini mwa Johannesburg, nilisimama ghafla katikati ya watu na kufumba macho kama mwenye kizunguzungu. Ilikuwa Ramadhani. Nilikuwa nimefunga, baridi ya mwezi wa sita ikiniuma vidole, na harufu ya barazani kwa bibi yangu ilikuwa inanijia kutoka kwenye jiko la Mfilipino.

Mfilipino huyo ni Luz, jirani yetu, aliyepanga chumba cha nyuma katika ua wetu. Kazi yake ni kuwatunza wazee katika nyumba ya wazee, na nadhani ndiyo sababu alinipenda. Ananiita Nanay, ambalo kwao ni mama. Wafilipino wanaoishi mjini walikuwa wakikodi uwanja ule Jumamosi moja moja na kufanya soko la usiku kama la kwao, ila kwa ajili ya baridi na vibaka soko lao la usiku lilifunguliwa saa kumi jioni na kufungwa mapema. Luz alikuwa amenialika wiki nzima.

"Nanay, njoo ufuturu kwetu," aliniambia kwa Kiingereza chake cha polepole, ambacho ni rahisi kwangu kuliko cha wenyeji. "Nimekununulia sufuria mpya. Haijawahi kumwona nguruwe hata kwa mbali. Na kuku nimemnunua kwa mchinjaji wenu."

Mtu aliyekununulia sufuria humkatalii. Nikaenda na mjukuu wangu Rehema, mwenye miaka minane, ambaye siku hiyo alikuwa anafunga kutwa kwa mara ya kwanza. Rehema amezaliwa hapa. Kiswahili anakielewa chote, lakini majibu yake ni ya Kiingereza na Kizulu, na mimi ananiita Gogo kama watoto wenzake wanavyowaita bibi zao. Nimekubali. Baba yake, Salim, mkwe wangu, anauza vifuniko vya simu Marshalltown, na nadhani kila mteja aliyepita siku ile aliambiwa kwamba binti yake amefunga. Alikuwa ameahidi kufunga meza yake mapema, aje kwetu moja kwa moja na tende, na tende ya kwanza aile Rehema mbele ya watu wote.

"Gogo, imebaki saa ngapi?" aliniuliza tangu tulipovuka barabara.

"Imebaki kidogo. Siku za baridi hapa ni fupi kama mkia wa mbuzi. Sisi kwetu tulifunga siku ndefu."

"Eish, Gogo. Kila kitu kwenu kilikuwa kirefu."

Soko lilikuwa na meza kama ishirini, taa za rangi zimefungwa kwenye uzio, na moshi kila upande. Kulikuwa na mishikaki ya nyama ambayo Luz alinipitisha mbali nayo, kama mtu anayemvusha mzee kwenye dimbwi. Kulikuwa na mayai ya bata yenye kifaranga ndani, ambayo wenyewe huyala kwa chumvi na siki huku wakicheka. Nilisema mashallah, kwa kuwa sikupata neno lingine. Karibu na lango, mama mmoja mnene alikuwa akikaanga ndizi zilizoviringishwa kwenye manda nyembamba kama za sambusa na kumwagiwa sukari mpaka zikang'aa kama kioo. Rehema alisimama hapo, akasema anataka kutazama tu. Nikamwacha, nikamfuata Luz kwenye jiko lake.

Na jiko lake ndilo lililonifumbisha macho. Sufuria ndogo juu ya makaa, chini imetandazwa jani la mgomba, kifuniko cha bati juu yake, na juu ya kifuniko makaa mekundu. Alikuwa amepalia moto! Mwanamke aliyezaliwa kwenye visiwa ambavyo siwezi kuvionyesha kwenye ramani alikuwa amepalia moto vilevile kama alivyofanya Bibi Mwatumu, barazani kwetu, Tanga.

Bibi Mwatumu ndiye aliyenilea. Kila alasiri ya Ramadhani alipika mkate wa kumimina: mchele ulioloweshwa usiku, ukasagwa, ukatiwa tui, iliki, sukari na hamira, ukaachwa uumuke. Alimimina, akafunika, akapalia. "Mkate ni kama mtu," alizoea kusema. "Ukipata moto upande mmoja tu, unaiva nje na ndani mbichi." Sharti lake lilikuwa moja. Hakuna anayefunua kifuniko ila yeye, naye hufunua kwa bismillahi. Ukifunua kabla ya wakati, upepo unaingia, mkate unabonyea katikati, wala haunyanyuki tena hata ukiusomea dua.

Nami nilikuwa na miaka minane, na siku hiyo nilikuwa nafunga kutwa kwa mara ya kwanza. Mtaa mzima ulijua. Mkate uliokuwa motoni ulikuwa wa nyumba ya mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, ambaye hakufuturu kwa mkate wa mtu mwingine. Bibi alikwenda uani kutawadha, akaniambia niangalie makaa.

Niliyaangalia. Naapa niliyaangalia kwa muda mrefu sana, labda kama wa kusoma Alhamdu mara tatu. Kisha nikakiinua kifuniko kwa kipande cha gunia, nikamega ukingo ule uliokuwa unaanza kuungua, nikautia mdomoni. Uliniunguza ulimi. Nikameza huku machozi yananitoka, nikafunika, nikapanga makaa upya, nikakaa kama mtu aliyemo katika sala.

Bibi alirudi. Akasema bismillahi, akafunua. Mkate ulikuwa umebonyea, na ukingoni una pengo la vidole viwili vya mtoto. Aliutazama. Akanitazama mimi. Mimi nikasema, bila kuulizwa, "Bibi, hata njaa sisikii."

"Alhamdulillahi," akajibu. "Moto nao una siku zake."

Akaupeleka mwenyewe kwa mwalimu. Nilimfuata nyuma, nikamsikia akisema mlangoni, "Mwalimu, mkate wa leo una kasoro. Kosa ni langu, niliuacha motoni bila mwenyewe." Bibi yangu hakuwa na shamba wala duka, alikuwa na jina lake katika mkate tu. Jirani yetu mmoja, mwanamke wa maneno, akapaza sauti kutoka dirishani, "Jamani, leo mkate wa Bi Mwatumu umelegea kama kitanda cha kamba!" Watu wakacheka. Bibi naye akacheka, akasema, "Basi lalieni."

Magharibi ilipoingia aliniita mbele ya watu wote. "Njoo, mfungaji wangu." Akanitia tende ya kwanza mdomoni kwa mkono wake. Ulimi ulikuwa umeungua, sikusikia utamu wowote. Usiku ule nilijilaza nikijipongeza kwa hofu, kama mwizi aliyepita mbele ya askari. Nilidhani nimemdanganya.

Jambo hilo halikuniacha. Idi ikapita, nguo mpya zikachafuka, nami bado naiona tende ile. Basi siku moja, karibu na mwisho wa Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, niliamua kuilipa funga yangu kwa siri. Bibi aliponiwekea chai na viazi vitamu nikasema tumbo linaniuma. Hakunishika paji la uso, hakuniuliza linauma wapi. Aliisogeza na chai yake kando. "Na langu mimi leo halitaki kitu," akasema. Sita zake, zile funga za baada ya Idi, alikuwa amekwisha kuzimaliza. Jioni adhana ilipolia nilimkuta ameketi barazani na kisahani cha tende, anatazama njia. Nikachukua moja. Akachukua moja. Nikafurahi kwamba nimebahatika: siku ninayofunga kwa siri, Bibi naye tumbo limemuuma, na tende zimetokea zenyewe.

Nilikua na imani hiyo. Niliolewa nayo, nikazaa nayo, nikamzika Bibi nayo. Nimesoma na kusomesha watoto chuo miaka mingi, nimewafundisha kwamba Mwenyezi Mungu ni Msitiri, huzifunika aibu za waja wake. Na wakati wote huo nilijua kwamba niliwahi kumhadaa mwanamke mmoja mwema, naye akafa bila kujua.

"Nanay, onja ukishafungua," Luz alikuwa ananiambia. Alikuwa ameufunua mkate, akaupaka siagi, akaunyunyizia nazi. Nikamwambia nakwenda kumchukua mtoto, jua linazama.

Nilimkuta Rehema palepale mezani kwa yule mama wa ndizi, mikono nyuma. Uzi wa sukari ulikuwa umeganda kidevuni mwake, unameremeta chini ya taa nyekundu kama ushanga. Ncha ya mtandio wake ilikuwa imenata shavuni. Aliponiona alinyoosha shingo, akasema kabla sijafungua mdomo:

"Gogo, niko sharp. Hata njaa sisikii."

Wasomaji wangu, nilisimama mbele ya mtoto yule nikahisi ardhi inasogea. Si kwa ajili ya ndizi. Ni kwa ajili ya kidevu. Kumbe mambo huonekana wazi namna hii! Kumbe mtoto aliyekula kwa siri huwa na siri hiyo usoni, mabegani, hata katika namna ya kupumua. Pengo la vidole viwili. Ulimi ulioungua. Bibi Mwatumu alikuwa na macho mazuri mpaka anaingia kaburini. Aliona. Aliona siku ile ya mkate, na aliona siku ile ya chai.

Salim alikuwa tayari anaingia langoni, koti halijafungwa, boksi la tende kifuani, uso umejaa fahari. Hatua thelathini, labda arobaini. Rehema alimwona pia. Akanitazama mimi, na nilijua anachokiogopa: kwamba Gogo, mwalimu wa dini, atasema.

Mtoto wa miaka minane kalamu ya malaika haijaanza kumwandikia dhambi. Hilo nalijua kwa kusoma. Lililobaki nililijua kwa kutendewa. Nilichovya ncha ya khanga yangu katika maji niliyobeba ya kufungulia, nikamfuta kidevu, nikamfuta shavu, nikaunasua mtandio. Sukari ilikuwa ngumu kutoka, ikabidi nirudie.

"Yuko wapi mfungaji wetu?" Salim aliita.

"Huyu hapa," nikasema. "Maji ya uso yamemfanya mpya. Mungu atupokelee sote, wakubwa kwa wadogo."

Simu ya Salim ikaadhini. Luz na wenzake wakanyamaza kwa heshima, hata yule mama akainua mwiko wake kutoka kwenye mafuta. Rehema akapewa tende ya kwanza, watu wakapiga makofi, naye akaiweka mdomoni muda mrefu bila kutafuna. Nilijua haina utamu. Kisha nikaonja mkate wa Luz, wenye vipande vya yai la chumvi juu yake, jambo ambalo Bibi yangu angelicheka, na chini yake ukingo ulioungua kidogo. Luz aliniuliza kwa nini ninalia. Nikamwambia ni moshi, naye, mtu anayetunza wazee, akakubali kuwa ni moshi.

Idi ikaja, ikapita. Mwezi wa saba, shule zikiwa zimefungwa, asubuhi moja nilikuwa nimeketi mezani na Rehema. Nilikuwa nimemwekea uji wake wa mahindi na maziwa, na mbele yangu kikombe cha chai kinatoa mvuke. Aliukoroga uji. Akausukuma kidogo kidogo mpaka ukafika katikati ya meza, huku anatazama dirishani.

"Gogo," akasema, "tumbo langu halijisikii vizuri."

Nilitaka kumshika paji la uso. Mkono ulikuwa umeshanyanyuka. Nikaurudisha, nikakisogeza kikombe changu kando ya bakuli lake.

"Hata langu," nikasema. "Leo halitaki kitu."

Jua la Johannesburg lilizama mapema, kama kawaida yake. Nilikuwa nimeketi karibu na dirisha, nje kwenye kona taa ya barabarani, robot kama wanavyoiita hapa, ikibadilika kutoka nyekundu kwenda kijani, na kisahani cha tende kikiwa kwenye magoti yangu, nikitazama njia. Nikamsikia akija nyuma yangu, taratibu. Sikugeuka. Mkono mdogo ukapita begani kwangu, ukachukua moja.