Futari ya Koridoni

Kwetu Mafia futari huandaliwa nje, kando ya njia, ili mpita njia asituponyoke. Mama mkwe wangu alisafiri na desturi hiyo hadi Dar es Salaam, tulipompeleka mwanangu kliniki ya macho, tukapanga kwenye hoteli ndogo katikati ya mji, jirani na lile kanisa kuu la kale.

Magharibi ilipokaribia, akatandika mkeka koridoni, akaandaa muhogo wa nazi, samaki na uji.

Dada wa mapokezi akaja mbio. "Shikamoo bibi, lakini hapa ni njia! Meneja akikuta hivi, mimi sina kazi."

"Marahaba. Ndiyo maana nimetandika hapa. Chumbani nani atapita? Umefunga?"

"Nimefunga."

"Unafuturu na nani?"

Dada akatazama kichupa chake cha maji. Bibi akaupigapiga mkeka kwa kiganja. Dada akaketi.

Akatokea mgeni mwenzetu, mama wa kwaya, anatoka kanisani. "Jamani, mimi Mkristo."

"Hatukukuuliza dini. Una njaa?"

Akavua viatu.

Adhana ikalia, tukaanza kufuturu. Kisha meneja akapanda ngazi. Dada akaganda, kikombe mdomoni.

"Njia imezibwa," akasema meneja.

"Basi keti, babangu, maana hupiti," mama mkwe akamjibu, huku akimmiminia uji.

Meneja akamtazama dada, akautazama muhogo, akavua viatu. "Nisogezee samaki," akamwambia dada. "Kesho tutandike mapokezi, hapa pembamba."

Sheria za hoteli ni nzuri, wasomaji wangu. Tatizo lake hazijawahi kukutana na bibi wa Mafia aliyefunga.