Nilijua Maana ya Maneno Yale, Nikanyamaza

Usinionee huruma. Nisome mpaka mwisho, halafu unifikirie utakavyo. Mimi ni mke wa mtu, tunaishi Nyamisangura, hapa Tarime, na nilimharibia wifi yangu maisha kwa maneno machache tu. Na maneno yenyewe hayakuwa ya uongo! Hapo ndipo panaponiuma.

Wifi yangu nitamwita Rhobi. Ndiye dada pekee wa mume wangu. Alikuwa akifanya kazi kwenye kambi moja ya watalii upande wa Robanda, kutandika vitanda na kufua mashuka. Akiwa huko alipata mimba, akajifungua mtoto ameshakufa. Mwanaume aliyekuwa naye akamwambia, "Wewe una mkosi," akaondoka. Rhobi akarudi kazini hata maziwa hayajakauka kifuani.

Siku moja mgeni, bibi mzee kutoka Nepali, nchi ya mbali huko Asia, akamkuta analia kwenye kamba za kuanikia nguo. Hakumuuliza kitu. Aliketi naye chini kwenye majani, akamshika mkono, akaanza kusema taratibu: Om mani padme hum. Akarudia, akarudia tena. Rhobi akajikuta anamfuatisha.

Kesho yake yule bibi alimwomba dereva aliyekuwa akimzungusha mbugani amtafsirie. Akasema hayo ni maombi ya dini yao, ya Kibudha. Mani ni johari. Padme ni ua la yungiyungi, lile linaloota kwenye tope la bwawa na kuchanua juu ya maji likiwa safi. Yaani hata moyo uliokanyagwakanyagwa, ndani yake johari bado ipo. Na ukiyasema, unakiombea huruma kila chenye uhai kinachoumia: wewe, jirani yako, ng'ombe wako, hata adui yako. Om na hum, alisema, hazina tafsiri, zinabeba pumzi tu. Akamwachia Rhobi shanga zake za kusalia.

Nimeyajuaje yote haya? Aliniambia mwenyewe! Kazi ya kambini ilipoisha alikuja kuishi kwetu. Tulikuwa tunachambua dagaa uani, nikamsikia, nikamwuliza, "Wifi, unasema nini hicho?" Akanieleza yote. Kisha akacheka kidogo, akasema, "Kanisani naenda kama kawaida. Haya nayasema nikimkumbuka mtoto. Sikuwahi kumpa jina, basi namwita kwa haya."

Jamani, nililia siku ile! Mimi mwenyewe mimba zangu mbili zilitoka kabla sijampata binti yangu, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia hata pole ya maana. Nikayashika maneno yale. Mume akinikaripia, naenda jikoni nayasema mpaka kifua kinashuka. Kwa hiyo msidhani nilikuwa mtu wa nje. Yalikuwa yangu pia.

Lakini wivu! Wivu ni kitu kibaya sana.

Binti yangu Bhoke alikuwa bado mdogo, ndiyo kwanza anajua kukimbia, na kila kitu kwake kilikuwa shangazi. Kula, shangazi. Kuoga, shangazi. Siku moja alijikwaa kwenye kizingiti akapasuka kidevu. Nikapiga magoti, nikanyoosha mikono. Akanipita! Mimi mama yake, akanipita huku damu inachuruzika, akaenda kuikumbatia miguu ya Rhobi. Rhobi aliuona uso wangu. Akajaribu kumgeuza, "Nenda kwa mama, nenda." Mtoto akakataa.

Nilitabasamu, maana jirani alikuwepo. Moyoni nilisema, huyu mwanamke ataondoka hapa.

Nafasi ikaja na ugonjwa. Mama mkwe, ambaye pia tunaishi naye, alikuwa anapepeta ulezi asubuhi, ungo ukamponyoka. Mdomo ukaenda upande, mkono wa kulia ukalegea, sauti ikakatika. Hospitali walisema ni kiharusi, presha ilipanda mno. Na mimi nilijua alikuwa ameacha kumeza vidonge vyake, eti vinamlegeza. Hilo nalo sikulisema.

Unajua tena maneno ya mtaani. Jirani alikuwa ameziona shanga za Rhobi, akaanza, "Hizo ni za Frimasoni. Mtu hatoki kwenye kambi za wazungu hivi hivi." Mume wangu akasikia. Jumapili baada ya ibada kikaitishwa kikao cha ukoo pale nyumbani, baba mkubwa wa mume wangu akakiongoza. Tukawaamkia wazee, tukaketi. Mama mkwe alikuwa amelazwa kwenye godoro pembeni, anatutazama.

Mzee akanigeukia. "Mama Bhoke, wewe ndiye unashinda na wifi yako. Anasema vitu gani huyu?"

Rhobi akanitazama. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alipumua kama mtu aliyeona swali limefika mahali salama.

Nikajibu, "Baba, mimi huwa nasikia tu. Si Kikurya, si Kiswahili. Na huwa anayasema akiwa amekaa karibu na mama."

Basi. Ni hayo tu! Nionyeshe uongo uko wapi hapo.

"Wifi!" Rhobi akaita. "Si nilikueleza? Waambie maana yake!"

Wote wakanigeukia. Mimi nikautazama mkeka. Nikanyamaza.

Mama mkwe akaanza kutoa sauti, mh, mh, machozi yanamtoka, mkono wake mzima unapigapiga godoro. Baba mkubwa akasema, "Mnaona? Mnaona anavyomwogopa mwanawe?" Mume wangu akampokonya Rhobi zile shanga, akazitupa kwenye jiko la mkaa. Rhobi alijaribu kueleza habari za yule bibi na ua na johari, lakini kila alichosema kiliwatisha zaidi. Aliondoka na mfuko mmoja wa nguo.

Bhoke alilia mpaka akapaliwa. Nilimbeba mimi. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, mtoto yuko mikononi mwangu, na aliyekuwa anamlilia ni shangazi yake.

Miezi ikapita. Ulimi wa mama mkwe ukaanza kurudi kidogo kidogo. Neno la kwanza lililoeleweka lilikuwa "Rhobi." Mume wangu akadhani bado anaogopa, akambembeleza, "Tulishamwondoa, mama. Usihofu."

Yule mama alilia! Sijawahi kuona mtu mzima akilia vile. Akajikaza, akatoa neno moja moja: "Mimi ndiye... nilimwomba. Moyo ulikuwa unaenda mbio. Akisema yale... natulia. Nilikuwa nasema naye."

Kumbe siku ile ya kikao mkono ule ulikuwa unamtetea binti yake!

Mume akanigeukia. "Mama Bhoke, wewe ulijua?"

Nilikuwa nimechoka kujificha. Nikamwambia, "Nilijua. Nilijua tangu mwanzo, hadi maana yake." Hakufoka. Alibeba mto wake akahamia chumba cha mama yake, na hadi leo tunaongea habari za chumvi na karo tu. Mama mkwe naye hapokei uji mkononi mwangu. Anasubiri niuweke chini, niondoke, ndipo anywe.

Nikamtafuta Rhobi. Nikaambiwa yuko Mugumu, anafua kwenye nyumba moja ya wageni karibu na soko. Nikapanda basi. Nilimkuta anakamua shuka, amekonda. Nikapiga magoti pale pale kwenye maji ya sabuni, nikasema yote, hadi ya kidevu cha Bhoke.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Nimekusamehe, wifi. Inuka, watu wanaona."

"Basi rudi nyumbani," nikamwambia. "Kaka yako anakuomba. Mama anakuulizia kila siku, anataka muyaseme tena pamoja."

"Mama nitakuja kumwona. Ila yale maneno siyawezi tena." Alisema bila hasira, kama anaeleza maumivu ya mgongo. "Nikianza tu, nakuona ulivyoutazama mkeka. Nilikuwa namwita mtoto wangu kwa hayo, wifi. Sasa sina namna ya kumwita."

Akaendelea kufua.

Mimi siku hizi huyasema kwa ajili ya mtoto yule. Sijui hata kama nina haki ya kuyatamka, lakini nikiacha na mimi, nani atamwita?

Ndugu yangu unayesoma, usijifariji kwa kusema hukudanganya. Nami sikudanganya! Ukiulizwa mbele za watu, na unajua kitu kitakachomwokoa mwenzio, kiseme hapo hapo, kabla hajaacha kukutazama. Ukija kukisema baadaye utasamehewa, kama mimi nilivyosamehewa. Msamaha ninao. Haujamrudishia Rhobi chochote.