Siku Pikipiki ya Baba Iliponyamaza

Mwezi uliopita nilishuka kwenye basi pale Mzumbe na mfuko wangu wa sukari na sabuni za mama, nikatafuta bodaboda wa kunipandisha milimani. Akaja mwanamume wa rika langu, ndevu zimeanza mvi, akaniangalia kwa haya kabla hata hatujapatana bei. "Dada, nakwambia mapema usije ukanilaumu," akasema. "Hii gia boksi imechoka. Itakupigia kelele mpaka juu." Nikamwambia twende tu, kaka, masikio yangu yamezoea. Akapiga kiki, akaingiza gia, na ile sauti ya chuma kinachosaga chuma ikanipanda kutoka kwenye nyayo hadi kwenye meno. Ndugu yangu, nilijificha nyuma ya mgongo wa yule bwana kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Miaka mingi imepita, nina watoto wakubwa, na bado naona aibu.

Baba yangu hakuwa Mluguru. Alitoka Singida akiwa kijana, akafanya kazi kiwandani mjini, akamwoa mama, na kiwanda kilipopunguza watu akamfuata mama huku juu kwao. Sasa kama hujawahi kukaa kwetu nikueleze kidogo. Ardhi yetu ni ya ukoo wa upande wa mama. Mwanamume aliyekuja kuoa hulima pale anapoonyeshwa, mahindi na maharage hakuna anayemkataza, lakini mti wa kudumu hapandi mpaka ukoo umkubalie, kwa sababu anayepanda mti amesema hapa ndipo pangu. Mwenye neno la mwisho alikuwa mjomba, kaka mkubwa wa mama, mtu mrefu, mkavu, mwenye koti moja jeusi la Jumapili. Baba akizungumza naye hata sauti ilimpungua, kila baada ya maneno mawili ni "shemeji".

Na baba alikuwa na ndoto ya mafyulisi, yale wengine wanayaita pichi. Tunda hilo alilionja kwa mara ya kwanza huku milimani, nadhani halikumtoka tena moyoni. Alikusanya kokwa, akazifukia kwenye makopo ya maziwa nyuma ya jiko, zikaota miche kumi na minne. Kila jioni mama akimaliza kuosha vyombo, baba hupita na sufuria akiinywesha mmoja mmoja, akiisemesha. "Vumilieni," aliiambia. "Shemeji atasema tu." Mama alikuwa akimcheka, eti ana watoto kumi na watano na mmoja tu ndiye anayekwenda shule.

Kitu pekee kilichokuwa chake bila kumwomba mtu ni pikipiki. Ilikuwa ile ya kizamani, ya kuchanganya oili na petroli, na gia boksi yake ina oili yake peke yake, unaimimina kwa kufungua bolti moja ubavuni. Aliitumia kubeba kabichi, karoti na njegere za majirani kuziteremsha barabarani. Basi hiyo gia boksi, jamani! Beringi zilikuwa zimekwisha na mjini hazikupatikana. Ikipanda mlima ilisaga, ikiteremka ilisaga kwa sauti nyingine. Ukiwa shuleni ulimsikia baba tangu yuko daraja la chini, kona sita mbele. Akina mama walimtumia kama saa. Wakisikia pikipiki inaanza kulia huko bondeni, ndipo wanajitwika matenga yao na kuteremka, na wakifika njiani na yeye ndiyo anafika. Bibi jirani yetu aliyekuwa na macho mabovu alikuwa akiisikia kelele anasogea ukingoni na kusimama hadi ipite. Baba ukimuuliza mbona haitengenezi, anacheka tu. "Inasema," anasema. "Kinachosema bado kina uhai."

Lakini wenzangu shuleni waliiita mashine ya kusaga. Baba akikatiza tu pale chini ya uwanja, darasa zima linaripuka: "Mashine imefika, leteni mahindi!" Kuna waliokuwa wanainua sketi zao kama wamebeba nafaka, wanapanga foleni mbele ya dawati langu. Mwalimu mwenyewe anageukia ubaoni, lakini mabega yanamtikisika. Nilijifunza kushuka kwenye pikipiki kabla ya kona ya shule na kutembea peke yangu, na baba hakuuliza kwa nini. Alinishusha tu, akanipa kipande cha gimbi la kuchemsha kilichofungwa kwenye jani, akazunguka akaondoka zake na makelele yake. Gimbi nililila. Aibu yake ndiyo sikuweza kuimeza.

Nilipofika miaka kumi na mbili ikawadia Jumapili ya kipaimara. Askofu anakuja parokiani, wasichana magauni meupe, viatu vyeupe, mashela, na mimi nitafikishwa mbele ya watu wote hao na mashine ya kusaga! Wiki ile nilikosa usingizi. Na wiki ile ile, nisikufiche, nikaokota dawa. Nilikuwa nimekwenda na baba kwa fundi pale njia panda, fundi akawa anasikiliza gia boksi kwa bisibisi sikioni, kisha akacheka. "Mzee, mjini kuna wajanja," akasema. "Ikilia hivi wanaponda ndizi mbivu, wanashindilia humu ndani, inanyamaza kabisa, wanamuuzia mtu. Akifika kwake ndiyo anajua kanunua nini." Nusu ya kwanza ya maneno hayo niliisikia kwa masikio yote mawili. Ile nusu ya pili ilipita.

Jumamosi mchana baba alikuwa shambani, mama kaenda kupamba kanisa. Nikachukua ndizi za kisukari sita zilizoiva mpaka zimepata madoa, nikaziponda kwenye bakuli kama za kumlisha mtoto. Nikatoa spana kwenye kitambaa chake, nikafungua ile bolti ya ubavuni, nikaanza kusukuma uji wa ndizi kwa kijiti, taratibu, mpaka ukakataa kuingia. Nikakaza bolti kwa nguvu zangu zote. Nikafuta, nikanawa, nikarudisha spana pale pale. Moyo ulikuwa unanidunda kwa furaha, ndiyo, kwa furaha, mimi huyu huyu!

Asubuhi baba akapiga kiki. Pikipiki ikaamka, na chini ya mlio wa injini hapakuwa na kitu. Kimya! Baba alizima, akawasha tena. Akainama, akaweka sikio. Nikiwa nimekaa nyuma na gauni langu nimelikusanya mapajani, nikaangalia milima. Tukateremka kama watu wenye heshima zao. Kwenye kona ya pili tulimkuta bibi jirani katikati ya njia na rozari yake mkononi, nusura tumgonge, baba akakwepa mpaka tukagusa majani. "Haa! Mmetoka wapi ninyi?" bibi akapiga kelele. "Shikamoo bibi, tusamehe," baba akajibu, akapunguza mwendo. Lakini tulipofika darajani alicheka kidogo, akageuza shingo. "Labda na yenyewe leo inapata kipaimara," akaniambia. Nilicheka nikamkumbatia kiunoni. Sikuwa nimemkumbatia hadharani siku nyingi, nakumbuka hilo vizuri mno.

Kanisani kila kitu kilikwenda salama, askofu akanipaka mafuta, nikajiona nimekuwa mtu. Baada ya Misa mjomba akamfuata baba pale nje, mbele ya watu. "Shemeji," akasema, "nipakie twende juu nikakuonyeshe mpaka. Una miche yako, wanasema." Baba hakujua aweke wapi mikono. Mama alishika kitambaa cha kichwa kama vile upepo unataka kukichukua. Mjomba akapanda nyuma, koti jeusi limefungwa vifungo vyote, wakaanza kupanda mlima bila kelele, na sisi waumini wote tukiwa nyuma kwa miguu, magauni meupe njia nzima.

Hawakumaliza hata kona ya kwanza. Ilisikika "kaa!" moja tu. Gurudumu la nyuma likakataa kuzunguka, pikipiki ikalala ubavu, baba chini yake, na mjomba akarushwa kwenye mfereji wa kumwagilia magimbi. Aliinuka na tope hadi kifuani. Mtoto mmoja akaguna, na hapo kicheko kikashika parokia nzima. Fundi alikuwepo na shati lake la kanisani. Akaisimamisha pikipiki, akaomba spana, akafungua ile bolti yangu. Ukatoka uji mweusi, mzito, na harufu ya ndizi iliyoungua ikatufikia sote hadi tuliokuwa nyuma.

"Nani katia ndizi humu?" mjomba akauliza.

Baba alikuwa anajipangusa goti, suruali imechanika. Akainua uso, akatazama lile kundi la wasichana weupe, akaniona. Mara moja tu. Nikatazama viatu vyangu.

"Mimi, shemeji," baba akasema. "Nilitaka inyamaze. Nikasema leo kuna askofu."

Lo, walivyocheka! Fundi alishika tumbo. "Mzee, si nilikwambia huo ni utapeli wa mjini?" Mjomba peke yake hakucheka. Alikamua ncha ya koti lake, akasema taratibu, na kila mtu akasikia: "Mtu anayeficha ubovu wa chombo chake na kunipandisha humo, nikimpa ardhi atanificha nini?" Akashika njia ya kwake kwa miguu. Ilihitajika sentensi moja tu. Nilikuwa na kinywa, nilikuwa nimetoka kupokea mapaji saba ya Roho Mtakatifu, mojawapo ni nguvu, na mafuta hayajakauka hata kwenye paji la uso. Nikanyamaza kama pikipiki yangu.

Tangu siku ile baba akawa Baba Ndizi. Mlimani kwetu jina likishakukaa halitoki kwa sabuni. Pikipiki aliiuza kama chuma chakavu, matenga ya watu akawa anayabeba begani, njia ile ile, kona zile zile, na watoto wakimwona wanaimba, "Baba Ndizi, lisha basi!" Naye anawapungia mkono. Akina mama wakawa wanateremka mapema mno au wanachelewa, mboga zinanyauka njiani, na bibi jirani akawa analalamika kwamba siku hizi hajui hata saa ngapi. Mjomba hakuongelea shamba tena. Ile miche kumi na minne iliendelea kwenye makopo, mizizi ikatoboa kutu, ikanyonya udongo wote, halafu ikaanza kukauka mmoja mmoja. Baba aliendelea kuinywesha hadi wa mwisho.

Hakunipiga, hakuniuliza, hakumwambia mama. Siku moja tu, miezi imeshapita, tulikuwa tunateremka pamoja, yeye na tenga la kabichi, mimi na karoti kichwani. Tulipofika pale kwenye mfereji akasimama kupumzika, akafuta jasho. "Ile bolti," akasema, huku anatazama magimbi, "uliikaza vizuri. Haikuvuja hata tone." Akajitwika tenga lake tukaendelea. Mimi nilitembea nyuma yake ninalia bila sauti, na bado, ndugu yangu, bado sikusema kitu.

Nilikuja kukua, nikasoma, nikaondoka. Baba alipofariki ndugu zake walikuja wakamchukua, wakamzika kwao Singida, kwenye ardhi kavu ambayo mfyulisi hauwezi kuota. Huku juu hakuwa na hata mti mmoja wa kufungia mbuzi. Kwenye matanga tuliyoweka kwa mama, mjomba, mzee sasa, alisimama kumkumbuka shemeji yake. Alisema alikuwa mtu mpole, mchapakazi, "ila zile ndizi", na watu waliokuwa wanalia wakaangua kicheko. Hapo nilipewa nafasi nyingine. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, mtoto wake wa pekee, kila mtu ananitazama. Nami nikacheka pamoja nao.

Mjomba naye ameshatangulia. Daraja limejengwa jipya, kona ya shule wameinyoosha, na nyuma ya jiko la mama nilikuta kopo moja la maziwa, kutu tupu, kuku wanalinywea maji. Ile kelele iliyokuwa inawateremsha akina mama na kumsogeza bibi wa macho mabovu ukingoni haipo tena, na ni mimi niliyeizima. Nikisikia inayofanana nayo sasa, ningelipa nauli mara mbili ili mtu asiitengeneze.

Nilikuwa nakusimulia juu ya yule bwana wa bodaboda. Tulipofika kwenye ule mlima juu ya kanisa, gia boksi inasaga mpaka mifupa inawasha, akageuza kichwa akicheka. "Dada, huku kwetu wanasema alikuwepo mzee mmoja aliilisha pikipiki ndizi ili inyamaze! Uliwahi kumsikia? Mjinga kweli yule mzee."

Nikajisogeza karibu na sikio lake. Nikasema, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, na kwa sauti kabisa: "Siyo yeye. Ni mimi niliyeweka."

"Unasemaje, dada?" akapaza sauti. "Kelele! Sijakusikia!"

Mfereji wa magimbi ukawa unapita upande wangu wa kushoto.

"Nimesema endesha polepole," nikamjibu.