Vigae vya Njiani

Nikinusa chungu kipya kilichotiwa maji, hasira hunipanda hadi leo. Enzi zile za Mwingereza, jumbe alimfukuza mama, aliyekuwa mfinyanzi, sokoni, akampeleka ng'ambo ya korongo asikoonekana na mtu, ili shemeji wa jumbe huyo auze sufuria dukani kwake bila mshindani. Basi mimi na mama tukapanga njiani vigae vyekundu vya vyungu vilivyovunjika, ili wateja waliopanda kutoka Makanya wavifuate hadi kwenye vyungu vyetu.

Asubuhi moja tarishi wa jumbe akavizoa vyote.

"Mama, jumbe hataki uchafu njiani."

Mama alibeba chungu chake kikubwa kuliko vyote, kizima kabisa, akakibwaga mlangoni pa duka lile, kikavunjika vigae. Kisha akanigeukia.

"Panga, mwanangu. Anzia hapa."