Mtutu wa Inchi Nne

Siku hiyo ghalani tulikuwa wanne: Mkuu wa Kituo, aliyesimama mlangoni, Mzee Kapungu, mtunza ghala la silaha, Denisi Lihawa, kijana wa kijiji cha Mbingu aliyeajiriwa pamoja nami, na mimi, Lukasi. Wawili wa kwanza wameshafariki, na Denisi hapendi kusimulia. Kwa hiyo nasimulia mimi.

Ilikuwa siku yangu ya kwanza katika kazi ya askari wa wanyamapori, hapa Ifakara. Shule niliacha darasa la sita, wazazi walipofariki na kuniachia wadogo zangu watatu pale Kibaoni. Mkuu wa Kituo alilijua hilo.

"Wewe una watu nyuma yako," aliniambia. "Chagua silaha itakayokurudisha nyumbani."

Mezani zilipangwa bastola za silinda, zile ambazo risasi sita hukaa katika kipande cha duara kinachozunguka. Bondeni tulizipenda kwa kuwa hazigomi kwa tope kidogo. Bunduki kubwa tulikuwa nazo pia, lakini ndani ya mtumbwi hulazwa chini na kufunikwa turubai. Kinachobaki karibu na mkono ni bastola.

Baadhi zilikuwa na mtutu wa inchi sita, nyingine inchi nne. Mtutu mrefu hulenga vizuri zaidi, maana alama mbili za kulengea zikiwa mbali mbali, jicho huona kosa mapema. Denisi aliidaka ndefu. Na mimi nikachukua ndefu.

"Kaeni chini," Mzee Kapungu akasema.

"Chini wapi, Mzee?"

"Sakafuni, miguu mbele. Kwani mtumbwini mtasimama? Anayesimama ni mpiga pondo peke yake, anayeusukuma mtumbwi kwa mti mrefu."

Tukakaa migongo ukutani, mikoba ya bastola kiunoni.

"Toa!"

Kiwiko changu kiligonga ukuta kabla mtutu haujatoka mkobani. Mzee akanipa ya inchi nne. Ikachomoka mara moja. Nikabaki nayo. Denisi alifaulu kuitoa ndefu yake, lakini kwa kulalia ubavu.

"Hiyo ya Lukasi ni ya kuweka kwenye pochi ya mama mkwe," alicheka. "Nyati si atakufa kwa kicheko?"

"Denisi, umelala ubavu. Mtumbwi hautakuruhusu."

"Nitazoea, Mzee."

Wakuu wa vituo walibadilika. Nilipelekwa Kisawasawa kufukuza tembo mashambani, kisha nikarudishwa mtoni, nikamkuta Denisi na mtutu wake mrefu. Utani wake ulikuwa ule ule.

Asubuhi moja tulikuwa tukienda kambi ya wavuvi. Mtumbwi ulinasa kwenye wavu uliotelekezwa, nami nikanyoosha mkono wa kushoto kuunasua. Mamba akaudaka. Mkono wa kulia niliung'ang'aniza kwenye ukingo wa mtumbwi. Nikiachia kuchukua bastola, naingia majini.

Nyuma yangu Denisi alilala ubavu ili achomoe silaha. Mtumbwi ukainama, maji yakaingia. Mpiga pondo akapiga kelele, "Tunazama!" Denisi akaiacha bastola mkobani, akanirukia mgongoni.

"Usiachie! Wadogo zako watakula nini?"

Akasukuma mkono wake wa kulia ndani ya kinywa cha mamba hadi kooni, kwenye kile kiwambo kinachomzuilia maji. Taya likalegea, mkono wangu ukatoka. Kisha likafunga tena, juu ya mkono wake. Sasa mkono wangu wa kulia ulikuwa huru. Mtutu mfupi ulichomoka kama siku ile sakafuni, nikafyatua nyuma ya jicho.

Hospitali waliuokoa uhai wake. Mkono hawakuweza.

Nimestaafu. Vijana wa kazi wakija kuniuliza bastola niliyoipenda, huwaambia wakae kwanza sakafuni. Wengine hudhani nawatania.

Kila msimu wa mpunga mimi huenda Mbingu kulima shamba la Denisi. Mwaka huu mdogo wangu wa mwisho, ambaye sasa ni muuguzi, alikuja nami. Denisi alitutazama kutoka barazani, kikombe cha chai mkononi.

"Bwana Inchi Nne! Nimekwambia umeshalipa. Nenda kapumzike, mgongo huo si wa kijana."

Niliendelea kupalilia. Mkono wake ndio uliowasomesha wadogo zangu, na mimi bado nina mikono yote miwili.